Ukiachwa nje ya grupu la ofisi

Wewe unayeanza kazi kwenye ofisi ya klia na fowadi, yaani ya kutoa mizigo bandarini na kuisafirisha, hapa Mombasa, kuna jambo huenda usiambiwe siku ya kuripoti. Magrupu ya WhatsApp huwa mawili. La wote, bosi hutuma ilani na watu hujibu "sawa". La wachache ndimo kazi yenyewe hupangwa. Asubuhi habari inapita humo kwamba skana ya kukagua makontena imekwama au foleni ya malori imefika Changamwe. Asiyekuwamo anapanga malori yake kama kawaida, kisha anaonekana mzembe.

Hasara hiyo angalau inaonekana. Mbaya zaidi ni mtu kuacha kutoa mawazo. Namkumbuka binti mmoja wa atachimenti, mwanafunzi wa mafunzo kazini, aliyependekeza, kwenye grupu la wote, kila sili, ile lakiri ya mlango wa kontena, ipigwe picha kabla lori halijatoka, namba isomeke vizuri, ili mteja akilalamika pasiwe na mabishano. Tiki zikawa bluu. Hakuna aliyejibu, na huku simu za wenzake zinalia mfululizo, wanacheka. Hakupendekeza kitu tena mpaka muda wake ukaisha. Lilikuwa wazo zuri, na liliniuma kulipoteza.

Wala hakuwa akideka. Mwaka 2000 mwanasaikolojia Kipling Williams na wenzake walichapisha utafiti wa mchezo wa kurushiana mpira kwenye intaneti: walionyimwa mpira walijiona si wa kundi. Mwaka 2004 ikaonekana kutengwa huko huuma hata kwa aliyeambiwa anacheza na kompyuta tupu. Itakuwaje basi kwa watu unaokaa nao meza moja?

Kwa hiyo omba kuingizwa mapema, na uombe kwa ajili ya kazi: "Dada, naomba uniunge kwenye grupu la malori, nisikose taarifa." Mara nyingi umesahauliwa tu. Ukinyimwa, wazo lako mpelekee mtu mmoja anayeijua kazi, ana kwa ana, tena na mfano mkononi: picha mbili tatu za sili zinatosha. Zungumza pia na madereva na makarani wa ofisi nyingine, wanayaona mengi. Wapo watakaokwambia kutengwa kunakomaza. Usiwasikilize.

Na msimamizi mwombe jambo moja tu: habari za skana na malori ziwekwe kwenye grupu la wote. Grupu la utani wabaki nalo wenyewe.