Jiki na mashine ya presha kwenye mnara wa wanajeshi

SWALI: Fundi, shikamoo. Vijana wa kanisa letu hapa Frankfort, Kentucky, wanataka kuusafisha mnara wa wanajeshi weusi waliopigana vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ule ulioko makaburi ya Green Hill. Una madoa meusi ya ukungu, na sikukuu ya kuwakumbuka askari ni mwisho wa Mei. Tumeazimwa mashine ya maji ya presha na tuna madumu mawili ya jiki. Tuchanganye kwa kipimo gani?

JIBU: Marahaba, dada. Kipimo ni sifuri. Madumu rudisheni kwenye kufulia, mashine mrudishieni mwenyewe.

Kila Mei naulizwa hili, na kila Mei naulizwa kipimo tu, kana kwamba jambo lenyewe lilishaamuliwa. Kuna dhana inayonichosha: kwamba jiwe likishakuwa jeupe, basi limesafika. Mnara wenu ni wa jiwe la chokaa. Umesimama hapo tangu 1924 na umebeba majina 142. Kentucky ilitoa askari weusi kama 24,000, zaidi ya 10,000 kati yao wakipitia Camp Nelson, kambi ya jeshi ya huko huko Kentucky, wengi wakitokea utumwani moja kwa moja. Kwa hiyo mali iliyopo pale ni majina, na jina lililochongwa kwenye chokaa limekaa juujuu tu, kwenye ngozi ya jiwe.

Jiki hupenya kwenye vitundu vya jiwe. Maji yakikauka, chumvi inabaki ndani. Sisi tuliokulia Pwani tunaujua ukuta unaoliwa na chumvi: unapaka rangi leo, masika yakipita lipu inamwagika kama unga. Jiwe nalo hufanya vivyo hivyo, ila halina lipu ya kupiga upya. Zinazomwagika ni herufi. Mwaka wa kwanza litameta, mtapiga picha, mtapongezwa. Halafu ukungu utarudi kwa kasi, maana uso uliokwaruzwa una pa kushika.

Niliwahi kuitwa kutazama jiwe la kaburi la askari mmoja wa vikosi vya weusi vya vita hivyo, marumaru ya serikali yenye ngao iliyozama na herufi zilizoinuka ndani yake. Kuna mtu alikuwa amelipitishia mashine ya presha. Nilipopitisha kidole kilitoka na chembe nyeupe, kama sukari. “U.S.C.T.”, kifupi cha jina la Kiingereza la vikosi hivyo, ilikuwa bado inasomeka. Jina lilikuwa kivuli.

Basi fanyeni hivi. Ombeni kwanza ruhusa kwa wenye makaburi. Kama jiwe linapukutika, au ukiligonga kidogo kwa kifundo cha kidole linalia kama lina uwazi ndani, msiliguse, mwiteni mtu wa kazi hiyo. Kama ni zima, lilowesheni maji matupu, sugueni kwa brashi laini isiyo ya chuma mkianzia chini kupanda juu ili uchafu usichore michirizi, na suuzeni sana. Weusi uliobaki upulizieni D/2, dawa inayotumika hata kwenye makaburi ya kijeshi ya taifa. Inafanya kazi taratibu, wiki hata miezi, kwa hiyo Mei hii mnara hautang'aa. Na iwe hivyo.

Wanaonitia hasira zaidi ni mafundi wa video, wa “kabla na baada”. Huyu anamwaga siki au ndimu, povu likitoka anashangilia uchafu unachemka. Kinachochemka ni jiwe. Mwingine kafunga brashi ya waya kwenye drili. Mwingine anapaka povu la kunyolea ndevu ili maandishi yasomeke, kisha anaondoka na asidi yake imebaki kwenye herufi. Na wapo wa saruji, wanaoziba kila ufa kwa saruji ngumu kuliko jiwe lenyewe, maji yanakosa pa kutokea, jiwe linapasuka pembeni mwa kiraka. Hao nawajua tangu Zanzibar, ndio waliotuharibia kuta za chokaa Mji Mkongwe. Hakuna hata mmoja kati yao anayerudi baada ya miaka mitano kupiga picha ya tatu.

Kama shida yenu ni kusoma majina, hamhitaji dawa yoyote. Chukueni kioo kikubwa, cha mlango wa kabati kinatosha, mmoja asimame ubavuni mwa mnara na kuurusha mwanga wa jua upite kwenye uso wa jiwe kwa mshazari. Herufi zitajitokeza zenyewe, na mwenye simu apige picha kabla wingu halijapita.