Kuongeza nguvu ya pikapu ya dizeli: kisanduku au programu mpya?

SWALI: Nina Hilux ya dizeli ya 2.5 D-4D, ile ya nguvu-farasi 102. Mara tatu kwa wiki hutoa samaki na barafu Kisumu kuleta Nakuru, na nikishapita Kericho gari huishiwa nguvu hata nikalazimika kupanda kwa gia ya pili. Duka moja linaniuzia kisanduku cha kufungwa kwenye injini ambacho wanadai kitaongeza theluthi ya nguvu. Fundi mmoja hapa Nakuru anasema ataandika upya programu ya kompyuta ya injini ifikie nguvu-farasi 144, kama Hilux nyingine za 2.5. Wa tatu ana kifaa cha kanyagio la mafuta. Nichukue kipi?
Mfanyabiashara wa samaki, Nakuru

JIBU: Ndugu msomaji, kifaa cha kanyagio kiache. Kazi yake ni kuidanganya kompyuta kwamba umekanyaga zaidi ya ulivyokanyaga, kwa hiyo gari huonekana jepesi linapoondoka. Lakini mlimani, ambako mguu wako tayari umefika sakafuni, hakiongezi nguvu hata kidogo.

Kisanduku kinahitaji maelezo marefu zaidi. Huchomekwa kati ya kompyuta na sensa ya shinikizo la dizeli, kisha huipa kompyuta taarifa kwamba shinikizo liko chini kuliko lilivyo, nayo huliongeza, na nozeli zikamwaga dizeli nyingi zaidi katika muda uleule. Nguvu huongezeka kweli, na kisanduku kina sifa moja nzuri: unaweza kukichomoa na kuirudisha gari ilivyokuwa. Tatizo ni njia yako. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na ukikaribia Mau Summit umeshapita mita 2,300, ambako shinikizo la hewa ni pungufu ya lile la pwani kwa karibu robo. Kompyuta inapotambua kwamba hewa imekuwa nyepesi, hupunguza dizeli ili injini isichemke na tabo, yaani feni inayosukuma hewa ndani ya injini, isizunguke kupita kiasi. Kisanduku hakijui lolote kuhusu hewa. Huendelea kuongeza dizeli palepale ambapo kompyuta inajaribu kuipunguza, na dizeli isiyopata hewa ya kuichoma vizuri hutoka kama moshi mweusi na kuongeza joto kwenye pistoni na tabo. Kwa mtu anayezunguka mjini Kisumu na mzigo mdogo, ningekivumilia. Kwako wewe, unayekanyaga mafuta hadi mwisho kwa dakika nyingi mfululizo ukiwa na barafu nyuma, sikipendekezi.

Programu iliyoandikwa upya ndiyo njia bora, kwa kuwa fundi hugusa kiasi cha dizeli na wakati wa kuimwaga kwa pamoja, naye anaweza kuuacha ulinzi wa milimani ukifanya kazi. Hata hivyo, ahadi ya 144 naikataa. Hilux za 2.5 zenye nguvu hiyo zilitoka kiwandani zikiwa na tabo inayobadilisha mkao wa mabapa yake, pamoja na intakula, yaani rejeta inayopoza hewa kabla haijaingia kwenye injini. Yako ya 102 haina intakula. Toyota wenyewe, walipoipandisha injini ya 2.8 kutoka nguvu-farasi 177 hadi 204 mwaka 2020, hawakuishia kwenye programu, bali waliboresha tabo na kuimarisha bloku na pistoni. Fundi anayekuahidi ongezeko la zaidi ya theluthi kwa kompyuta ya mkononi peke yake anakopa kutoka kwenye uhai wa injini, na atakayelipa ni wewe. Mwombe ongezeko dogo, hasa katika mizunguko ya chini unayoitumia mlimani, naye ahifadhi programu ya awali na kukupa nakala yake.

Lakini kabla ya kulipa shilingi yoyote, nina shaka na gari lenyewe. Nguvu-farasi 102 si nyingi, ila pikapu nzima yenye mzigo halali haipaswi kutambaa kwa gia ya pili mlima wote. Mwaka jana nilisimama kando ya fundi aliyefungua boneti ya pikapu yenye malalamiko kama yako. Mpira unaopeleka hewa kutoka kwenye tabo ulikuwa na ufa wa urefu wa kidole, umejificha chini ya klipi, na kuuzunguka kulikuwa na masizi yaliyolowa oili. Injini ilipokanyagwa, ufa ulifunguka na kuzomea kama sufuria ya shinikizo. Ilipoachwa, ulijifunga usionekane. Mwenye gari alikuwa amekuja kununua kisanduku, akaondoka na mpira mpya. Kwa hiyo kagua mipira hiyo, chujio la hewa, chujio la dizeli na nozeli, na upime uzito wa mzigo, maana barafu hudanganya macho. Hakuna programu inayoongeza uwezo wa breki wala springi.

Klachi nayo ijaribiwe: ukikanyaga mafuta ukiwa gia ya nne na mizunguko ikapanda bila mwendo kuongezeka, inateleza, na nguvu mpya itaimaliza.

Ukishafika kwa fundi wa programu, mwambie apime nguvu kwenye mashine ya roli kabla na baada ya kazi, siku moja na gari lilelile, na afunge kipimajoto cha moshi kabla ya tabo. Moshi ukivuka takriban nyuzi 700 za selsiasi na kubaki hapo wakati wa kupanda, programu hiyo haikufai, akupunguzie. Jaribio la mwisho lifanye mwenyewe kati ya Kericho na Mau Summit, ukiwa na mzigo wako wa kawaida.