Shangazi, nimeanza kuichukia Ijumaa

"Shikamoo Shangazi. Mimi mzaliwa wa Busia, nimeolewa Mbale kwa Wayahudi wa Abayudaya. Kila Ijumaa mume wangu anageuka simba. Akiona jua limeshuka na chungu bado kiko motoni, anafoka mbele ya watoto kwamba namvunjia Sabato. Juzi mikono ilinitetemeka hadi njiti tatu za kiberiti zikakatika. Nikijibu, naambiwa sina dini. – Mama Wawili"

Marahaba, mwanangu. Hizo njiti tatu zimenikaa moyoni.

Kwanza nimtendee haki mumeo. Abayudaya wameishika Sabato tangu siku za mwanzilishi wao, Semei Kakungulu, mwaka 1919, hata Idi Amin alipoipiga marufuku dini yao. Kitu kilicholindwa hivyo kina uchungu, na mishumaa lazima iwake kabla jua halijatua, maana hapo Sabato inaanza na moto hauwashwi tena. Lakini dini hiyo hiyo imemwekea mipaka ya sauti. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, inamtaka mwenye nyumba awakumbushe watu wake taa Ijumaa giza likikaribia, na Talmud, inayoifafanua, ikaongeza kuwa aseme kwa upole, ndipo watakapomkubalia. Rav Hisda wa Babeli alikataza mtu kutia nyumba yake hofu kupita kiasi. Mwanazuoni mwingine, aitwaye Rav tu, akasema anayefanya hivyo ataishia, pamoja na mabaya mengine, kuivunja Sabato. Si ajabu: mke aliyetishwa akichelewa atawasha taa gizani na kuficha.

Na huyo Rav Hisda Ijumaa alikuwa anakata mboga kwa mkono wake! Rava alitia samaki chumvi, Rav Papa akasokota tambi za taa. Wanazuoni wakubwa hao, ndio anaowasoma mumeo.

Usimweleze haya Ijumaa. Ngoja Jumanne usiku, watoto wamelala, mwambie: "Baba Fulani, nataka Sabato iingie humu ndani nikiwa na furaha. Nisaidie." Kisha mgawane. Yeye kuni, maji na kuogesha watoto, wewe jiko, na chungu kiepuliwe saa kumi na moja. Huko kwenu karibu na ikweta jua hutua karibu saa ile ile mwaka mzima, hakuna cha kuwashtua. Wenzenu wa London mwezi Desemba huwasha kabla ya saa kumi alasiri.

La kukosa dini silikubali kabisa. Talmud inasema maskini mwenye mafuta ya taa moja tu, ya Hanuka (sikukuu ya taa) au ya Sabato, aiwashe ya Sabato, kwa ajili ya amani ya nyumba yake. Amani hiyo ndiyo unayoililia.

Akiinua mkono, usingoje Jumanne. Chukua watoto uende kwa watu wako, na rabi aambiwe siku hiyo hiyo.

Zikipita Ijumaa mbili, niandikie. Nataka kujua nani alikata mboga.