Kona ya Muvi: Kaka kacheka, jirani kanuna

SWALI: Shikamoo Anko wa Kona. Mi nipo Makorora hapahapa Tanga, nakaa na kaka angu, alikuwa mkwezi, mwaka juzi kadondoka mnazini kule Pongwe toka hapo shingoni kushuka chini hana habari tena. Juzi kijana mmoja kaja na flashi ina muvi ya Kifaransa, Intouchables, ya yule tajiri wa kwenye kiti cha magurudumu na jamaa mweusi anayemhudumia, imetiwa maneno ya Kiswahili juu yake. Sasa pale jamaa anapommwagia bosi chai ya moto mguuni aone kama kweli hasikii, kaka alicheka machozi yakamtoka mi nikawa namfuta huku na mimi nacheka. Kumbe mama jirani yupo mlangoni, katusema wee, eti tunakejeli mtihani wa Mungu. Kwani kile kisa kweli au wametunga? Na waliokitengeneza wana maana gani?
Dada mtu, Makorora

JIBU: Marahaba mwanangu, pole kwa kuuguza, na kaka mpe salamu zangu. Ila kabla sijasahau, hiyo ya chai muishie kuicheka tu, mtu asiyehisi miguu anaungua ngozi vilevile, tofauti yake hajui kama anaungua.

Kisa ni cha kweli. Tajiri mwenyewe alikuwa Philippe Pozzo di Borgo, mkubwa kwenye kampuni ya shampeni, mwaka 1993 akiwa na miaka 42 akaenda kuruka na parachuti, ile michezo ya wenye nazo ya kujirusha mlimani uelee na upepo, akaanguka, shingo ikavunjika. Kaka ako alipanda kutafuta riziki mwenzie alipanda kustarehe, wote wakapokelewa na ardhi ileile. Aliyemhudumia ni Abdel Sellou, mzaliwa wa Algeria, katoka jela karibuni, na kazi yenyewe alikuwa haitaki, alichotaka karatasi yake isainiwe kwamba ameomba kazi ili aendelee kula posho ya serikali. Akaja kukaa miaka kama kumi hivi! Kuna walipobadilisha lakini, kwenye muvi mke wa tajiri keshafariki, wakati kiukweli Abdel alipoanza kazi yule mama alikuwa hai, anaumwa kansa, akafariki 1996.

Sasa sikiliza hii umpelekee mama jirani. Madairekta ni wawili, Olivier Nakache na Éric Toledano, walikiona kisa kwanza kwenye dokumentari, wakamfuata Philippe mwenyewe Morocco alikokuwa anaishi, na yeye ndo aliyetaka muvi ichekeshe, hakutaka ya kuliliwa. Tena akataka asilimia 5 ya faida iende kwenye chama kinachosaidia wenye ulemavu, ikaenda. Kwahiyo anayecheka pale kacheka kwa ruhusa ya mwenye mguu. Angalia muvi zetu za kibongo, mlemavu akitokea tu unajua kinanda cha huzuni kinafuata na shangazi analia pembeni, mtu mwenyewe hata hapewi nafasi ya kusema utani wake. Hii nayo ina kinanda, cha Muitaliano Ludovico Einaudi, ila hakijapigwa kukulazimisha ulie.

Na ile sini ya kunyoa ndevu mliiangalia vizuri? Jamaa ananyoa anaacha kipande, anarudi nyuma kuangalia, ananyoa tena anaacha sharubu za ajabu, mpaka anafika kwenye kile kisharubu cha Hitler, na tajiri hawezi kuinua mkono kumzuia, ana mdomo tu wa kufoka. Hapo ndo utajua waigizaji wanajua kazi. François Cluzet, anayeigiza tajiri, muvi nzima anaigiza kwa uso, shingo kushuka chini kafunga kabisa, jaribu wewe kucheka bila kutikisa bega uone.

Lililonikwaza mimi ni moja. Abdel ni Mwarabu, kwenye muvi kafanywa Msenegali, kisa madairekta walimtaka Omar Sy ambaye walishafanya naye kazi. Wakosoaji wengine Marekani wakasema mweusi kawekwa kuwa mchekeshaji wa mzungu tajiri, na mi naona hawakukosea kote, ndoto za yule kijana mwenyewe hatuzijui sana. Lakini kaka ako kacheka, mi nani nibishe.

SWALI: Anko, tumebishana hapa Ngamiani Barabara ya 12. Mwenzangu anasema hiyo ya Kifaransa imeigwa kwa ya Kevin Hart na yule mweusi ni Mmarekani. Tumewekeana mishikaki.

JIBU: Mwenzio kakosa kote. Ya Kifaransa ilitoka Novemba 2011, ikauza tiketi zaidi ya milioni 19 Ufaransa peke yake, hiyo ya Kevin Hart na Bryan Cranston, The Upside, ndo Wamarekani walioirudia, imeingia majumba ya sinema 2019, mtoto hawezi kumzaa baba. Omar Sy kazaliwa Trappes, karibu na Paris, baba wa Senegal mama wa Mauritania. Februari 2012 akachukua César, tuzo kubwa ya sinema Ufaransa, ya mwigizaji bora wa kiume, mweusi wa kwanza kuipata, akimshinda mwigizaji Mfaransa mwenzie Jean Dujardin ambaye siku mbili mbele alienda kubeba Oscar!

Mishikaki yako hiyo, na asikupe ya mafuta matupu.