Umepanda daraja, sasa hesabu watu wako wa safu ya mbele

Wiki mbili zilizopita nilipata ujumbe kutoka kwa nahodha kijana ambaye timu yake ya raga imepanda kutoka Nationwide, ligi ya daraja la tatu, na msimu ujao itacheza Championship. Aliniamkia kwa heshima, akanisimulia jinsi walivyosherehekea hadi usiku wa manane, kisha akauliza: "Kaka, nanyi mlipopanda mlikosea wapi hadi mkashuka mwaka uleule?" Hakuuliza kwa ubaya. Hata hivyo swali lake lilinichoma, kwa kuwa tangu tushuke nimepewa pole na watu wengi, lakini hakuna aliyewahi kutaka kujua sababu, nami sikuwahi kuitaja mbele ya watu. Leo naitaja, kwa ajili yake na kwa ajili ya kila nahodha anayejiandaa kwa daraja jipya.

Sisi tuliocheza ligi za chini nchini Kenya tunaifahamu ndoto hii vizuri. Juu kabisa ipo Kenya Cup, inayoshindaniwa tangu mwaka 1970, chini yake ipo Championship, na chini zaidi ndiko tuliko wengi, tukicheza kwenye viwanja ambavyo Ijumaa jioni bado vina ng'ombe wanaochungwa. Tukikutana baada ya mazoezi tunasimuliana kuhusu Mean Machine ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoanza mwaka 1977 na kulitwaa kombe mwaka huohuo. Tunasimuliana pia kuhusu timu ya Kabras, walioshindwa na KCB katika fainali za 2017, 2018, 2019 na 2021, kisha wakarejea mwaka 2022 wakawa mabingwa. Nilizitumia simulizi hizo katika kila hotuba yangu ya chumba cha kubadilishia nguo. Nilidhani kikosi kinachoamini simulizi za namna hiyo hakiwezi kushuka daraja.

Niseme kwanza jambo ambalo naliona fahari mpaka leo. Mwaka tuliopanda, hapakuwa na timu katika kundi letu iliyoweza kustahimili skramu yetu, yaani ule msukumano wa wanane dhidi ya wanane walioshikana. Nilikuwa huka, mtu wa katikati katika safu ya mbele ya skramu, na kulia na kushoto kwangu walikuwa propu wawili ambao nitawaheshimu maisha yangu yote: mmoja alibeba saruji katika duka la vifaa vya ujenzi, mwingine alikuwa bawabu wa usiku aliyekuja mazoezini akiwa amelala kwa muda wa saa nne tu. Nyuma yao alikuwapo wa tatu, karani mnene na mpole, aliyeingia kila mmoja wao alipochoka. Kulikuwa na siku tuliposukuma skramu ya wapinzani nyuma hatua baada ya hatua huku mashabiki wakihesabu kwa sauti, na nikiwa nimeinamisha kichwa ndani ya kile kiza cha mabega na jasho niliisikia hesabu hiyo ikipanda: nne, tano, sita. Tulipanda daraja kwa nguvu ya wanaume hao watatu.

Kisha likizo ya msimu ikaja. Bawabu akapata kazi ya ulinzi Qatar, nasi tukamchangia fedha za safari na kumsindikiza. Karani akahamishwa na mwajiri wake kwenda Mombasa. Niliwaombea heri wote wawili, nikarudi nyumbani, na haikunijia hata mara moja kwamba ningepaswa kukaa chini usiku ule na kuandika ni nani aliyebaki wa kucheza safu ya mbele. Badala yake tulisajili mabeki wanne wenye mbio kali. Ndiyo hali ya raga yetu: tangu Kenya ilipoichapa Fiji 30-7 katika fainali ya raga ya wachezaji saba ya Singapore tarehe 17 Aprili 2016, vijana wanaofika uwanjani wanataka kuwa Collins Injera, nyota wa kikosi kile, wapokee mpira pembeni na kukimbia, na katika miaka yangu yote ya unahodha sikumpokea hata mmoja aliyekuja akisema anatamani kuwa propu. Siwalaumu vijana. Najilaumu mimi, kwa kuwa nahodha ndiye anayepaswa kuwatafuta wale wasiojileta wenyewe.

Miezi ya kwanza ya ligi haina mengi ya kusimulia. Tulishinda michache nyumbani, tukashindwa mingi ugenini, na kufikia Februari tulikuwa katikati ya timu zilizokuwa zikiogopa kushuka. Ndipo ikaja safari ya magharibi ambayo siwezi kuisahau.

Katika kundi letu la WhatsApp, watu 22 walithibitisha kwamba wangesafiri. Basi dogo lilipaswa kuondoka Nairobi saa tisa usiku, ili tupite Nakuru kabla ya mapambazuko na kufika mapema tupumzike. Saa tisa na nusu nilisimama mlangoni nikahesabu vichwa: kumi na sita. Mmoja alikuwa amepangiwa zamu ya ghafla, mwingine ana mtihani, wawili hawakupokea simu, mmoja hakuwa na nauli ya kufika kituoni na aliona haya kusema, na wa mwisho alikuwa akiuguza mtoto. Hawa ni wachezaji wa ridhaa, wasiolipwa hata shilingi moja, na sikuwa na haki ya kumkasirikia yeyote. Tuliondoka.

Wengi wetu hatuisomi Sheria ya 3 ya mchezo huu mpaka itutie aibuni. Inasema kwamba kikosi chenye wachezaji 15 au pungufu lazima kiwe na watu watatu wanaoweza kucheza safu ya mbele. Wakiwa 16 hadi 18 wawe wanne. Wakiwa 19 hadi 22 wawe watano. Na kikosi kamili cha 23 kiwe na sita. Haisemi watu wanene, wala watu wenye moyo. Inataka watu waliofunzwa kazi hiyo, kwa sababu uzito wa wanaume wanane wanaosukuma kutoka kila upande unaishia kwenye shingo za wale watatu wa mbele. Sisi tulikuwa kumi na sita, na wa safu ya mbele tulikuwa watatu: mimi, mbeba saruji wetu, na mzee mmoja niliyemrudisha kutoka kustaafu.

Nikiwa ndani ya basi lile, karibu na Kericho, nilijaza fomu ya timu, na mahali pa mtu wa nne nikaandika jina la flanka wetu, mchezaji wa pembeni nyuma ya safu ya mbele, wa miaka kumi na tisa. Alikuwa na mabega mapana na hakujua kukataa. Hakuwahi kucheza propu hata siku moja. Mwamuzi aliponiuliza kabla ya mechi kama huyo kijana ana uzoefu wa safu ya mbele, nilimtazama usoni nikajibu kwamba anao. Ningeweza kusema kweli, na tukipungukiwa zingechezwa skramu zisizo na kusukumana. Nilikataa kwa sababu ya majivuno: timu iliyopanda kwa nguvu ya skramu ingeombaje ihurumiwe kwenye skramu?

Mzee wetu alichanika msuli wa paja kabla ya mapumziko. Mchezaji wetu mmoja wa akiba akaingia kucheza flanka, na kijana akasogea mbele, kushoto kwangu. Skramu mbili za kwanza alistahimili, nami nikamsifu. Ya tatu, mwamuzi alitoa amri zake, tukainama, tukashikana, tukaingia, na nikahisi bega lake likishuka chini ya langu kama mlango uliong'oka bawaba. Skramu ilianguka. Tuliposimama yeye hakusimama. Alikuwa amelala kifudifudi, macho wazi, akaniambia kwa sauti ya utulivu kabisa, "Kapteni, mikono yangu inafa ganzi."

Mhudumu wa huduma ya kwanza wa timu mwenyeji alipiga magoti, akakishika kichwa chake pande zote mbili, akakataza mtu yeyote asimwinue. Ningekuwa mimi ningemwinua. Walimfunga kola ya shingo, wakamweka kwenye ubao, ambulensi ikaondoka naye, na mchezo ukasimama hadi iliporudi, kwa kuwa hatungeweza kuendelea bila gari hilo uwanjani. Tulikaa kwenye nyasi karibu dakika arobaini bila kuzungumza.

Tulirudi uwanjani tukiwa kumi na wanne. Dakika ya mwisho tulikuwa nyuma 22-12, tukapewa penalti mbele ya milingoti. Kila anayefuata ligi anajua kwamba timu inayoshindwa kwa alama 7 au pungufu hupata alama moja ya ziada kwenye jedwali. Mkwaju wa penalti ni alama 3. Ingekuwa 22-15, nasi tungerudi nyumbani na alama moja. Mpigaji wetu alikwisha kuuweka mpira chini. Nilimwendea nikamwambia auinue na kuupiga nje, tucheze laini-auti, yaani mpira urushwe kutoka pembeni tuudake, kwa sababu nilitaka tumfungie kijana wetu trai, yaani tuuguse mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani. Niliwakusanya wenzangu nikawapa hotuba fupi kuhusu moyo. Mpira ulirushwa, ukatuponyoka mikononi, kipenga kikalia.

Mwishoni mwa msimu tulishuka daraja kwa tofauti ya alama moja.

Kijana alipona. Ganzi iliisha kabla hajatoka hospitalini, akavaa kola kwa majuma kadhaa, na leo anafanya kazi na anatembea kama mtu yeyote. Ila hakucheza tena. Nilipokwenda kwao kumjulia hali, mama yake alinikaribisha chai, akaniacha ninywe nusu kikombe, kisha akauliza, "Ni nani aliyemwambia mwanangu acheze mahali pale?" Nikamjibu, "Ni mimi, Mama." Hakuniuliza lingine. Nimecheza dhidi ya wanaume wenye kilo mia moja na ishirini, na hakuna aliyewahi kunielemea kama ukimya wa mama yule.

Kwa hiyo, ndugu yangu nahodha, ushauri wangu ni mfupi kuliko hadithi yangu: hesabu. Hesabu watu wako wa safu ya mbele leo, kabla ya kusajili beki hata mmoja. Championship itakupeleka mbali na nyumbani mara nyingi kuliko ulivyozoea, na kila safari itakula watu wawili watatu ambao hukuwatarajia. Ukiwa na propu wawili una mmoja, na ukiwa na mmoja huna kitu. Tafuta wale vijana wanene wanaoketi nje wakiwatazama wenye mbio, uwaite kwa majina, uwafunze wakati wa likizo ya msimu, uwaanzishe kwa mtu mmoja dhidi ya mmoja, kisha watatu dhidi ya watatu, na usimpeleke yeyote kwenye skramu kamili mpaka mtu anayeijua kazi aseme yuko tayari.

Hesabu pia wanaopanda basi, usihesabu wanaothibitisha kwenye simu. Sisi baadaye tulianza kuchanga shilingi hamsini kila mazoezi kupitia M-Pesa ili asiwepo mtu wa kubaki kwa kukosa nauli ya kufika kituoni, na ilisaidia, ingawa tulianza tumekwisha kuchelewa. Wala usimhesabu aliyegongwa kichwa akatikisika ubongo Jumamosi iliyopita hata akikusihi kwa machozi. Mwongozo wa World Rugby kwa wachezaji wa ridhaa haumruhusu kurudi mechini kabla ya siku 21, na siku hizo hazipungui kwa sababu mko karibu na kushuka.

Na hesabu alama. Jifunze jedwali kama unavyojifunza miito ya laini-auti, ili penalti ya dakika ya mwisho isikukute ukiamua kwa hasira au kwa huzuni kama mimi. Wakikuambia wewe ni mwoga kwa kupiga mkwaju ukiwa nyuma kwa alama kumi, waache waseme. Manahodha wengi wa ligi zetu, nami nikiwa wa kwanza, tumelelewa kuamini kwamba kiongozi ni yule anayenguruma zaidi kwenye duara kabla ya mechi, na tumewaumiza watoto wa watu kwa imani hiyo. Fomu ya timu ina mahali pa saini yako. Ukitia saini, umemwahidi mzazi ambaye hayupo uwanjani kwamba mwanawe anaijua kazi uliyomwandikia. Usimwandike asiyeijua, hata kama mmebaki kumi na tano, hata kama mechi ni ya mwisho na daraja lenyewe linategemea skramu moja.

Mbeba saruji wetu bado yupo, magoti yake yamechoka lakini anafundisha vizuri kuliko kocha yeyote niliyekutana naye, na tumekubaliana kuja kwenu Jumanne mbili za mwezi ujao bila malipo, mkitupa chakula cha mchana. Kabla ya hapo nitumie majina ya watu wako wote wa safu ya mbele, na mbele ya kila jina uandike ni misimu mingapi amecheza hapo. Yakiwa chini ya sita, nipigie simu usiku huohuo.