Kibarua wa miaka miwili si kibarua

Napika harusi hapa Mombasa. Nilianza na jiko la mkaa uani kwetu Majengo, na leo nina majiko ya gesi, masufuria makubwa na watu saba. Hadi mwisho wa 2024, niliowaandikisha kama waajiriwa walikuwa wawili tu. Watano waliobaki niliwaita vibarua, na nikiamini ushahidi ninao: daftari la kaunta lenye majina yao, siku walizofika na pesa walizopokea kila Jumamosi, kila mmoja na sahihi yake.

Dada mmoja katika hao huvuka feri kutoka Likoni kila alfajiri. Mimba yake ilipofika miezi sita alikwenda kliniki, akaambiwa hana malipo yoyote SHA, bima ya afya ya serikali. Akaja kuniuliza. Nikamwambia yeye ni kibarua, hayo ajilipie mwenyewe. Hakubishana nami. Baada ya siku chache nikapokea barua ya kuitwa leba, ofisi ya serikali ya mambo ya kazi.

Nilikwenda na daftari langu kwapani. Afisa alilifungua, akaweka kidole kwenye jina la yule dada, akaanza kuhesabu Jumamosi. Kurasa nyingine zilikuwa zimegandana kwa mafuta, ikabidi azibandue kwa ukucha. Akapita mwezi wa kwanza, wa pili, akapita Ramadhani, akaendelea. Alipofika mwaka wa pili akalifunga. Kibarua kwa sheria, akaniambia, ni mtu unayemchukua kwa muda usiozidi saa 24 na kumlipa siku inapokwisha. Huyu umemlipa kwa wiki, zaidi ya miaka miwili, na umeandika kwa mkono wako.

Daftari nililolibeba kujitetea ndilo lililonifunga. Nalieleza kwa urefu kwa sababu najua wenzangu wengi wenye mikahawa, saluni na karakana wana daftari kama lile.

Kifungu kinachohusika ni cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007. Mtu akikufanyia kazi mfululizo siku zinazotimiza jumla ya mwezi mmoja, au ukampa kazi ambayo kwa hali yake haiwezi kwisha kabla ya miezi mitatu, ukibarua umekwisha, na haki za mwajiriwa zinamfikia hata kama hamkuandikiana kitu. Tena kazi ya miezi mitatu na zaidi yataka mkataba wa maandishi, na anayetakiwa kuuandaa ni mwajiri. Mkifika kortini bila karatasi, mzigo wa kuthibitisha mlichokubaliana uko juu yako, si juu yake.

Tulielewana palepale leba. Nilimlipa siku za likizo nilizokuwa sijampa, nikamwandikia mkataba, na alipojifungua akapata miezi mitatu ya uzazi kwa mshahara kamili, kama sheria inavyosema. Yuko nami mpaka leo. Lakini zile wiki alizohangaika na tumbo lake bila kujua nani atalipa hospitali, hizo siwezi kumrudishia, na zinaniuma.

Kabla mambo hayajatulia nilikaribia kukosea mara ya pili. Mtu mmoja anayewajazia watu fomu za kodi alinishauri niwaandike wote kama wakandarasi, niwakate asilimia 5 ya kodi ya zuio, ile anayelipa huikata kwenye malipo na kuipeleka serikalini, basi, niepukane na NSSF, akiba ya uzeeni, na mengineyo. Usikubali ushauri huo. Jina unaloandika kwenye karatasi halibadilishi kazi ilivyo. Mtazame fundi anayenitengenezea friji: anakuja na vifaa vyake, ananipa bei kabla hajashika kitu, akishindwa kufika anamtuma mwenzake, na wiki hiyohiyo ana kazi za hoteli za Nyali. Huyo ni mkandarasi, na kukiwa na kodi ya zuio ya kukata, namkata na kuiwasilisha ndani ya siku tano za kazi. Sasa mtazame dada wa Likoni. Saa ya kuingia naipanga mimi, sufuria ni zangu, chumvi ikizidi ninayelaumiwa na mwenye harusi ni mimi, na akitaka kwenda mazishini ananiomba ruhusa. KRA, mamlaka ya kodi, na mahakama ya kazi wanaangalia mambo hayohayo: nani anayeongoza kazi, nani mwenye vifaa, nani anabeba hasara.

Watu huogopa hesabu kuliko inavyostahili. Mpishi wangu mkuu analipwa 30,000 kwa mwezi. NSSF ni asilimia 6, yaani 1,800. SHA asilimia 2.75, yaani 825. Ada ya nyumba za bei nafuu asilimia 1.5, yaani 450. Tangu mwisho wa Desemba 2024 hayo yote yanatolewa kabla ya kukokotoa kodi, kwa hiyo kinachotozwa kodi ni 26,925. Shilingi 24,000 za kwanza zinatozwa asilimia 10, 2,925 zinazobaki asilimia 25, jumla 3,131.25. Toa nafuu ya 2,400 anayopewa kila mtu, PAYE, yaani kodi ya mshahara, inabaki 731.25. Anakwenda nyumbani na 26,193.75. Mimi naongeza kutoka mfukoni mwangu NSSF 1,800, ada ya nyumba 450 na shilingi 50 za NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani. Kwa hiyo ananigharimu 32,300, na bei ya sahani ya biriani naipanga kwa hesabu hiyo, si kwa 30,000.

Anayelipwa chini ya 24,000 huenda asidaiwe PAYE hata senti, lakini makato mengine yanamhusu na jina lake liingie kwenye ritani ya kila mwezi ya iTax, mtandao wa KRA wa kodi. Mwisho wa PAYE ni tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Ritani ikichelewa, faini ni asilimia 25 ya kodi inayodaiwa au shilingi 10,000, ipi iliyo kubwa. Kwa biashara ndogo hiyo 10,000 ni magunia ya mkaa. Mimi nalipa tarehe 5, maana tarehe 9 mtandao huelemewa na watu waliosubiri. Na ukishajisajili PAYE, hata mwezi usiokuwa na mfanyakazi unawasilisha ritani tupu.

Kila mtu nampa hati ya mshahara inayoonyesha kila kato, na mwaka ukiisha fomu ya P9 yenye jumla ya mshahara na kodi yake ya mwaka, kwa sababu bila hiyo atashindwa kujaza ritani yake kabla ya 30 Juni.

Sasa mtu hashiki mwiko jikoni kwangu kabla faili lake halijafunguliwa: nakala ya kitambulisho, PIN ya KRA, nambari ya NSSF, usajili wa SHA, na mkataba wa kurasa mbili kwa Kiswahili, tuusome pamoja kabla hajatia sahihi. Kama PIN hana, natembea naye hadi saiba siku hiyohiyo na kukaa naye mpaka itoke.