MBA au uzamili wa uhandisi?

Ndugu, umeeleza kwamba wewe ni mhandisi wa umeme mwenye uzoefu wa miaka miwili, na kwamba unasita kati ya MBA (uzamili wa usimamizi wa biashara) nchini Marekani na uzamili wa nishati nchini Ujerumani. Kwa maoni yangu, anza na uhandisi. Thamani ya MBA hutegemea sana uzoefu ambao wanafunzi wenyewe huingia nao darasani, ndiyo maana vyuo vingi vyenye sifa hupendelea waombaji waliokwisha kufanya kazi kwa miaka kadhaa.

Kuhusu fedha, vyuo vikuu vingi vya umma vya Ujerumani havitozi ada ya masomo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula, na bado utatakiwa kuthibitisha kwamba unazo fedha za kujikimu kabla ya kupewa viza. Ukihitimu, unaweza kuomba kibali cha hadi miezi 18 cha kutafuta kazi. Jifunze Kijerumani mapema, hata kama masomo yote yanafundishwa kwa Kiingereza, kwa kuwa waajiri wengi huko hukidai.